Kumsikiliza Msomaji wa Hadithi Yako ya Shujaa

Ukimleta Spider-Man Mombasa kwenye hadithi yako, usiwaulize wasomaji kama wameipenda. Watakwambia "iko poa" na hutaambulia kitu. Waulize ni wapi waliacha kuamini, wakuonyeshe sentensi yenyewe. Wangu waligomea pigano la Mji wa Kale: huyu tangu 1962 amezoea kubembea kwenye maghorofa ya New York, sasa vichochoro vyetu vyembamba, nyumba fupi, atabembea wapi? Waache wabishane, usijitetee. Utamu wote uko hapo. Mmoja akasema atambae ukutani, apite chini ya roshani za mbao mpaka Fort Jesus. Pendekezo linalolinda tabia ya shujaa, lichukue. Matusi yapite. Ukishairekebisha sura, wasomee haohao.