Kuoanisha Modeli za Maji ya Mito Kati ya Taasisi na Watafiti: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mto ni mmoja, lakini si ajabu kukuta unaigwa kwenye kompyuta na watu watatu ambao hawajawahi kukaa meza moja. Idara inayosimamia bwawa ina modeli ya maji yanayoingia na kutoka, ofisi ya tahadhari za mafuriko ina nyingine ya kukadiria kimo cha maji mjini, na chuo kikuu kina ya tatu ambayo mwanafunzi wa uzamivu ameishughulikia kwa miaka kadhaa. Mvua kubwa ikinyesha kila mmoja hutoa jibu lake, majibu hayalingani, na kikao cha dharura huishia kubishania programu ipi ni bora.

Ubishi huo, kwa uzoefu wangu wa kazi hizi, hugonga mlango usio wake. Programu ya HEC-RAS ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani na ile ya TELEMAC iliyoanzia katika shirika la umeme la Ufaransa hutatua milinganyo ya mwendo wa maji ya ukoo mmoja, ule ambao mwanahisabati Mfaransa Saint-Venant aliuchapisha mwaka 1871. Kinachotenganisha majibu mara nyingi ni mambo ambayo hakuna aliyeyaandika: mwinuko umehesabiwa kutoka wapi, siku inaanza saa ngapi, na mtiririko unaoitwa "uliopimwa" ulipatikanaje. Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa jukumu la kuratibu, awe mtaalamu wa haidrolojia au la.

Hatua ya 1: Andika maamuzi kabla ya kutaja programu

Kaa na kila mhusika na umuulize ni uamuzi gani unaotegemea modeli yake. Mwendeshaji wa bwawa anataka kujua afungue milango saa ngapi na kwa kiasi gani, hivyo anahitaji jibu la saa chache zijazo. Mpangaji wa miji anataka ramani ya eneo litakalofunikwa na mafuriko ambayo uwezekano wake wa kutokea katika mwaka wowote ni asilimia 1. Mtafiti naye anauliza jinsi matumizi ya ardhi yatakavyobadili mtiririko wa kiangazi kwa miongo ijayo. Maswali haya matatu hayahitaji modeli moja, na mratibu anayeanza kwa kusema "tuunganishe zote" huwapotezea watu miezi mingi kwa jambo ambalo hakuna aliyeliomba.

Ukurasa mmoja unatosha, wenye kueleza nani ataamua nini, katika sehemu ipi ya mto, kwa muda gani mbele, na kosa la ukubwa gani bado linavumilika. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo watu huikwepa, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu kosa la sentimita 30 halimsumbui mtafiti wa tabianchi ilhali ndilo linaloamua kama tuta litafurikwa au litahimili.

Hatua ya 2: Orodhesha modeli zilizopo

Tengeneza jedwali moja lenye jina la modeli, programu na toleo lake, mipaka ya eneo, ukubwa wa gridi (miraba ambayo eneo hugawanywa), vyanzo vya data za mvua na miinuko, tarehe ambayo vigezo (namba zinazorekebishwa ili modeli ilingane na vipimo) vilirekebishwa mara ya mwisho, na cheo cha anayeitunza. Usitume dodoso. Nenda ukakae na mwendeshaji mwenyewe akufungulie faili, kwani ndipo utakapogundua kwamba toleo lililoandikwa kwenye ripoti si lile linaloendeshwa kila asubuhi.

Hatua ya 3: Patanisha miinuko

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko penginepo. Chukua sehemu ambapo modeli mbili zinapakana, kisha linganisha mwinuko wa kitanda cha mto kwenye mstari huohuo wa mkato. Niliwahi kukuta tofauti ya zaidi ya mita moja mahali ambapo mto haukuwa na maporomoko wala kizingiti, na timu moja ilikuwa imeificha tofauti hiyo bila kujua kwa kuongeza kigezo cha ukwaru wa mto hadi kimo cha maji kikalingana na kilichopimwa. Modeli ilionekana nzuri kwenye grafu, lakini kasi ya maji iliyotoa haikuwa ya mto ule.

Chanzo chake kwa kawaida ni usawa rejea, yaani sifuri ambayo miinuko yote huhesabiwa kutoka kwake. Vipokezi vya setilaiti hutoa mwinuko juu ya elipsoidi, ambalo ni umbo la dunia la kihesabu, ilhali maji hufuata jioidi, ambayo ni umbo linaloamuliwa na nguvu ya uvutano. Tofauti kati ya viwili hivyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na katika bahari iliyo kusini mwa India huzidi mita 100. Hata data za setilaiti ambazo zimekwisha kubadilishwa hazifanani: miinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, inarejelea jioidi ya EGM96, na ile ya Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuitazama dunia kwa setilaiti, inarejelea jioidi ya EGM2008. Ongeza juu yake usawa rejea wa kitaifa, ambao ndio unaotumika kwenye michoro ya mabwawa na madaraja.

Kujua kwamba tofauti ipo hakutoshi. Daraja la mto Rhine huko Laufenburg, mpakani mwa Ujerumani na Uswisi, ndilo mfano ninaoupenda. Upande mmoja huhesabu miinuko kutoka Bahari ya Kaskazini na upande wa pili kutoka Mediterania, tofauti yake ni sentimita 27, na wahandisi waliijua vizuri. Hata hivyo, mwaka 2003 iligundulika kwamba marekebisho yalifanywa kwa kuelekea upande usio sahihi, hivyo pengo likawa sentimita 54. Kwa sababu hiyo, jedwali lako lisiandike "tofauti ni 0.27" pekee. Andika sentensi kamili inayosema mwinuko wa mfumo upi uongezwe au upunguzwe ili upate mwinuko wa mfumo upi, kisha uweke alama moja halisi ya ardhini yenye miinuko yote miwili ili kila mtu ajipime.

Hatua ya 4: Patanisha saa na vizio

Katika nchi nyingi mvua ya siku husomwa saa 3 asubuhi. Kipimo kinachoandikwa tarehe 12 kinahusu saa 24 zilizotangulia, hivyo sehemu kubwa ya mvua hiyo ilinyesha tarehe 11. Timu moja ikiiweka kwenye tarehe ya usomaji na nyingine ikairudisha siku moja nyuma, vilele vya mafuriko vitapishana kwa siku nzima, na katika bonde dogo ambalo maji yake hufika mjini kwa muda wa saa 8, tofauti hiyo inaifanya modeli isiwe na maana yoyote. Amua kwamba faili zote za kubadilishana zitatumia saa ya UTC, yaani saa rejea ya dunia nzima, na kwamba kila kipimo kitaeleza kama muda wake ni mwanzo au mwisho wa kipindi. (Kwetu sisi tunaosema Kiswahili kuna mtego wa ziada: "saa 3" kwenye daftari la msomaji wa kituo inaweza kuwa 09:00, na anayeingiza data akaandika 03:00.)

Kuhusu vizio, kubalianeni juu ya mita za ujazo kwa sekunde na muepuke vifupisho. Mita moja ya ujazo ni sawa na futi za ujazo 35.3, kwa hiyo kosa la kizio huonekana mapema kwenye mtiririko, lakini kwenye mvua ya milimita kwa saa na milimita kwa siku linaweza kujificha kwa muda mrefu.

Hatua ya 5: Gandisha data za mtiririko

Watafiti wengi huzichukulia takwimu za vituo vya mto kama ukweli usiopingika. Ukweli ni kwamba katika vituo vingi kinachopimwa kila saa ni kimo cha maji tu, na mtiririko hukokotolewa kwa mkunjo unaohusisha kimo na mtiririko, uliochorwa kutokana na vipimo vichache vya moja kwa moja. Mafuriko makubwa karibu daima huwa juu ya kimo cha juu kabisa kilichowahi kupimwa hivyo, na hapo mkunjo umerefushwa kwa makisio. Mafuriko yakichimba kitanda cha mto, mkunjo wote hubadilika.

Waombe wanaosimamia vituo wakupe, pamoja na data, kimo cha juu kabisa ambacho mtiririko wake ulipimwa moja kwa moja, na tarehe ambazo mkunjo ulibadilishwa. Kisha hifadhi nakala moja iliyogandishwa, yenye jina na tarehe, ambayo timu zote zitaitumia hadi nakala nyingine itakapotolewa rasmi. Bila hivyo, wawili watapakua "data zilezile" kwa kupishana mwezi mmoja na watapata namba tofauti.

Hatua ya 6: Fafanua sehemu za makabidhiano

Modeli ya bonde hukabidhi maji kwa modeli ya bwawa, na ya bwawa hukabidhi kwa modeli ya mto ulio chini yake. Kwa kila sehemu ya makabidhiano andika mahali penyewe, kizio, hatua ya muda, na muundo wa faili. WaterML 2.0 inafaa kwa mfululizo wa vituo, na NetCDF kwa gridi.

Hatua ya muda ndiyo huleta madhara makubwa. Tuseme bwawa limetoa mita za ujazo 600 kwa sekunde kwa saa 6, kisha 100 kwa saa 18 zilizobaki. Idara ikikabidhi wastani wa siku, modeli ya chini itapokea 225 kwa siku nzima. Ujazo wa maji ni sahihi kabisa, kila ukaguzi wa mizani ya maji yaliyoingia na kutoka utapita, na mji ulio chini hautaonekana kufurika. Kwa hiyo kagua vitu viwili kila mara: jumla ya ujazo na kilele.

Angalia pia kama maji ya chini huathiri ya juu. Penye mteremko mkali au maporomoko, makabidhiano ya upande mmoja yanatosha. Penye tambarare, au karibu na ziwa ambalo hurudisha maji nyuma, hayatoshi, na ni afadhali kuusogeza mpaka wa modeli kuliko kuziunganisha programu mbili zizungumze kila hatua. Inawezekana kuziunganisha, na viwango kama OpenMI vilibuniwa kwa kazi hiyo, lakini gharama ya utunzaji huja baadaye, wakati aliyeziunganisha ameshahamia kazi nyingine.

Hatua ya 7: Endesheni jaribio la pamoja

Chagua mafuriko mawili na kiangazi kimoja ambavyo havikutumiwa na timu yoyote kurekebisha vigezo. Toa mvua ileile kwa wote, na uwape tarehe moja ya kuwasilisha matokeo kabla ya kuonyeshwa mtiririko uliopimwa. Huduma ya Hali ya Hewa ya Marekani iliwahi kuendesha ulinganisho wa namna hii kwa modeli za mabonde, unaojulikana kwa kifupi cha DMIP.

Usitumie kipimo kimoja cha ubora. Kipimo cha Nash na Sutcliffe cha mwaka 1970 huwa 1 modeli ikilingana kikamilifu na vipimo, na huwa 0 ikiwa haizidi kutumia wastani tu, lakini kwa kuwa hupandisha makosa kwenye kipeo cha pili, siku chache za mafuriko huamua alama yote. Anayeshughulikia maji ya kiangazi akokotoe kwa logi (logarithmu) ya mtiririko, ili vilele visitawale alama. Kando ya vipimo hivyo weka kosa la kilele, la muda wa kilele na la ujazo, na uwakataze watu kupanga modeli kwa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, maana timu iliyoshika mkia haitaleta faili zake tena.

Hatua ya 8: Wekeni makubaliano ya kutoa matokeo

Mtafiti anahitaji kuchapisha, na taasisi inaogopa ramani ya majaribio isisambae kwenye simu za watu kama tahadhari rasmi. Zote ni hoja halali. Hati ya kurasa mbili inatosha, ikisema nani pekee anayetangaza kwa umma wakati wa mafuriko, matokeo ya majaribio yatawekewa maandishi gani juu ya picha yenyewe, na taasisi ina siku ngapi za kutoa maoni kabla ya makala kwenda kwa jarida, pasipo kuwa na uwezo wa kuizuia.

Hatua ya 9: Jiandae kwa mafuriko yajayo

Alama za maji kwenye kuta na takataka zilizonasa kwenye matawi hutoweka ndani ya siku chache, kwani watu husafisha nyumba zao na mvua nyingine hunyesha. Hivyo basi, panga majina sasa: nani ataenda kupima upande upi wa mto, gari litatoka ofisi ipi, na ni nani atakayepima mtiririko kwenye daraja wakati maji bado yako juu, kipimo ambacho kitarekebisha mkunjo wa hatua ya 5. Fomu watakayobeba iwe imechapishwa tayari, yenye nafasi ya picha, saa, na mwinuko, na jina la usawa rejea liwe limeandikwa humo kabla hawajatoka ofisini.