Ngazi ya hofu: mazoezi ya nyumbani katika tiba ya kiwewe

Aliyenusurika ajali ya gari huanza kwa kukwepa barabara ile, kisha barabara zote, mwisho hata honi kwenye televisheni. Kila akikwepa anapata ahueni, na ahueni hiyo ndiyo inayoilisha hofu. Tiba ya kukabili hofu hatua kwa hatua, iliyobuniwa na mwanasaikolojia Edna Foa nchini Marekani, huchukua vikao 8 hadi 15 vya kama dakika 90. Lakini kazi kubwa iko nyumbani.

Wewe na mwanasaikolojia wako orodhesheni unavyovikwepa, kila kimoja kwa alama: 0 ni utulivu kabisa, 100 ni hofu isiyo na mfano. Kukaa ndani ya gari lililozimwa, 40, kupanda kiti cha nyuma, 55, kuendesha, 80, kupita palipotokea ajali, 95. Hiyo ndiyo ngazi yako, anza na 40. Jambo la hatari kweli lisiingie: kuendesha usiku bila taa ni uzembe, si tiba.

Kaa hapo dakika 30 hadi 45, au mpaka alama ishuke nusu. Andika alama ya kuanzia, ya juu kabisa na ya mwisho. Rudia mara nyingi kabla ya kupanda ngazi. Wengi huharibu hapa: hofu inafika 70, wanashuka garini, na mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikowaokoa. Alama zikigoma kushuka, chunguza vijikinga vya siri: mkono ulioganda kwenye kitasa, simu inayochezewa, dua inayonong'onwa bila kituo.

Kusimulia tukio lenyewe huanzia mbele ya mtaalamu, usijianzishie peke yako. Unafumba macho na kusema "naona taa zinanijia", si "niliona". Ukisimulia kikavu kama ripoti ya polisi, atakurudisha kwenye harufu, sauti na kilichopita moyoni. Ukizidiwa, utafumbua macho na kusimulia kwa wakati uliopita. Simulizi hurekodiwa, isikilize nyumbani mara moja kwa siku, ila si wakati wa kulala.

Mwenye mawazo ya kujiua, au anayeishi bado na anayemdhuru, ashughulikie usalama wake kwanza, ngazi itasubiri.