Jinsi ya Kutamka Irabu Adimu Inayowasumbua Wanafunzi wa Kijerumani, Kifaransa na Kichina

Kijana wa Kisumu anayejifunza Kijerumani akitumaini kupata kazi Ujerumani, hasa baada ya nchi hiyo na Kenya kutia sahihi makubaliano ya uhamiaji wa kikazi mnamo Septemba 2024, hukutana mapema sana na irabu inayoandikwa ü. Mwenzake anayesoma Kifaransa huikuta katika herufi u, na anayesoma Kichina huikuta katika neno nǚ, yaani mwanamke. Wote watatu wanapambana na sauti moja. Wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, huiandika [y], alama ambayo haina uhusiano wowote na y ya neno yai.

Ni sauti adimu kwelikweli. Mwanaisimu Ian Maddieson alipochunguza sampuli ya lugha 562, alipata 37 pekee zenye irabu za mbele zinazotamkwa kwa midomo iliyoviringwa, na nyingi kati ya hizo ziko kaskazini mwa Ulaya na Asia. Kifini, Kihungari na Kituruki zinayo. Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya hazina.

Sababu ya uhaba huo inafaa kueleweka kabla ya mazoezi, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mahali pa kurekebisha. Mwanafunzi wa shule ya upili anajua kwamba i hutamkwa ulimi ukiwa mbele na juu, midomo ikitandazwa, ilhali u hutamkwa ulimi ukiwa nyuma na juu, midomo ikiviringwa. Ulimi ukisogea mbele, mwangwi wa kinywa hupanda, yaani husikika mwembamba zaidi. Ukirudi nyuma, hushuka, na midomo ikiviringwa mwangwi hushuka zaidi. Kwa hiyo katika u ulimi na midomo husaidiana, na sauti hiyo inakuwa mbali kabisa na i masikioni. Katika [y] viungo hivyo viwili hupingana, na sauti huangukia katikati, mahali ambapo sikio lisilozoea hushindwa kuitofautisha na jirani zake.

Kazi yako, basi, ni kuitenga midomo na ulimi. Tamka i ya kiti na uivute bila kukatiza. Ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya chini, na kingo za ulimi ziguse magego ya juu. Sauti ikiendelea, viringa midomo polepole mpaka ifikie umbo la u ya kuku, bila kuuachia ulimi urudi nyuma hata kidogo. Tumia kioo kwa ajili ya midomo. Kwa ulimi, tegemea mguso wa meno. Ili kuhakiki, tandaza midomo ghafla: ukisikia i safi, ulimi haukusogea. Ukisikia sauti nyingine, anza upya.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kunong'ona. Nong'ona i, kisha [y], kisha u, na usikilize pumzi ikishuka kwa ngazi tatu. Ngazi ya pili na ya tatu zikilingana, ulimi umeteleza nyuma. Zoezi hili unaweza kulifanya hata ndani ya matatu ya kwenda Maseno bila kumsumbua abiria mwenzako.

Kosa kubwa la wazungumzaji wa Kiswahili ni kuigawa sauti hii kuwa yu, kama mwanzo wa neno yule. Jirekodi kwa simu ukivuta irabu ya neno la Kijerumani Tür, yaani mlango. Ikianza kama i na kuishia kama u, bado unatamka sauti mbili.

Kisha ingia katika jozi za maneno, kwa sababu hapo ndipo maana hupotea. Kwa Kijerumani, Bruder ni ndugu mmoja na Brüder ni ndugu wengi. Kwa Kifaransa, rue ni barabara na roue ni gurudumu. Dessus ni juu na dessous ni chini. Kwa Kichina, lǜ ni rangi ya kijani na lù ni barabara, lakini jihadhari: katika ju, qu, xu na yu nukta mbili huachwa ingawa sauti ni ile ile. Mwombe mwenzako asome jozi hizo bila mpangilio, nawe useme alilolisoma.

Mjaluo anaanza na faida, kwani lugha yake ina irabu tisa zinazoandikwa kwa herufi tano tu, na sikio lake limezoea kutambua tofauti ndogo ambazo maandishi hayazionyeshi. Mzungumzaji wa Kibukusu, lahaja ya Kiluhya, naye, aliyezoea irabu fupi na ndefu, atatenganisha kwa urahisi ü ndefu ya Tür na ile fupi ya fünf, yaani tano, ambayo hutamkwa kwa ulimi uliolegea kidogo.

Ukishaimudu [y], fanya vivyo hivyo ukianzia e ya meza, na utapata ö ya Kijerumani, kama katika neno schön.