Jeraha la ngozi na dawa za miti: osha kwanza, paka baadaye

Mtu akijikata, swali lake la kwanza kwangu ni apake jani gani. Nami humuuliza kama ameosha. Nilifundishwa kutibu kwa miti na mama yangu na kazi hiyo naipenda kwa moyo wote, ndiyo maana sipendi kuona dawa nzuri ikipakwa juu ya mchanga na uchafu. Majani yangoje zamu yao.

Damu ndiyo ya kushughulikia mwanzo. Kunja kitambaa safi, kiweke juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu dakika 10 mfululizo. Usifunue kuchungulia, maana kila unapofunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Kama ni mkono au mguu, uinue. Damu inayoruka kwa mapigo, au inayogoma kukoma, haina dawa nyumbani: endelea kukandamiza huku mkielekea hospitali.

Ikishatulia, nawa mikono kwa sabuni, kisha mimina maji safi kwenye jeraha, mengi, mpaka uchafu wote utoke. Mimi hutumia maji ya chumvi: nusu lita ya maji na kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, nachemsha pamoja, nafunika mpaka yapoe. Sabuni ipite kwenye ngozi ya pembeni tu. Spiriti sitii ndani ya jeraha, kwa sababu haichagui. Inaua vijidudu na nyama changa inayojaribu kuota pia.

Sasa dawa. Ningeambiwa nibaki na moja tu, ningebaki na asali. Wamisri wa kale waliiandika katika maelezo yao ya kutibu majeraha zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na hospitali za leo bado zinaitumia. Sukari yake nyingi huvuta maji kutoka kwa vijidudu, uchachu wake huwazuia wasistawi, na ikichanganyika na majimaji ya jeraha hutoa kidogo kidogo hidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kuua vijidudu. Kinachoitengeneza ni kimeng'enya cha nyuki, na moto hukiharibu. Kwa hiyo asali ya jeraha haichemshwi, wala haichanganywi na sukari ya dukani.

Usiimimine kwenye jeraha moja kwa moja. Ipake kwenye shashi safi, tabaka jembamba lakini lisiloacha nafasi, kisha laza shashi hiyo juu ya jeraha ivuke kingo zake kidogo. Juu yake weka kitambaa kikavu, ndipo ufunge bandeji, kwa kuwa joto la mwili huilainisha asali ikaanza kuchuruzika. Mwanzoni badilisha kila siku. Majimaji yakipungua, kila baada ya siku mbili. Itachonyota kidogo kisha itulie. Isipotulia, osha uitoe. Mwenye mzio wa nyuki au mazao yake asiitumie. Na ujue kwamba asali ya hospitali hupigwa mionzi kuua mbegu za vijidudu, ile ya chupa ya nyumbani haijafanyiwa hivyo. Kwa hiyo ya nyumbani ni kwa majeraha madogo ya juujuu tu, na isiguse kabisa jeraha la mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Mshubiri nautumia kwenye michubuko na kuungua kidogo, baada ya sehemu iliyoungua kupozwa chini ya maji ya bomba kwa dakika 20. Chagua jani la chini, nene, la mmea uliokomaa. Lioshe, likate karibu na shina, kisha lisimamishe ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini. Baada ya robo saa hivi utakuta utomvu wa njano kikombeni, mchungu kupindukia. Huo mwage; unawasha ngozi, na ukinywewa unaharisha. Suuza jani, kata miiba ya pembeni, menya ganda ubaki na ute unaopitisha mwanga kama kioo. Jaribu kwanza kipande kidogo kwenye ngozi nzima ya ndani ya mkono. Kusipokuwa na mwasho wala vipele, paka ute huo mbichi, siku hiyo hiyo ulipokata jani. Kwenye jeraha lenye kina au lililoshonwa siuweki.

Majani ya mwarobaini nayachemsha, nayachuja kwa kitambaa safi, na maji yake yaliyopoa naoshea ngozi inayozunguka kidonda. Yakilala, namwaga. Mafuta ya mwarobaini yawekwe mbali na watoto, kwani mtoto akiyanywa yanaweza kumdhuru vibaya.

Kuna ushauri nausikia kila siku: liache wazi lipigwe na upepo, likauke. Hapana. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwa majeraha ya nguruwe kwamba yale yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi kwa kasi karibu maradufu ya yale yaliyoachwa yakauke. Ngozi mpya hutambaa kutoka kingoni, na kigaga kikavu huilazimisha ipite chini kwa chini. Lakini unyevu si kulowa. Ukiona ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe na kujikunja kama ya mtu aliyefua siku nzima, badilisha kitambaa mara nyingi zaidi. Kitambaa kikigandamana na jeraha, kiloweshe kwa maji ya chumvi mpaka kiachie chenyewe.

Nakusihi, usipake majivu, udongo, mavi ya ng'ombe, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Mbegu za pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na dalili zake, taya kukaza na misuli kubana, kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 3 na ya 21, pengine jeraha lenyewe limeshafunga. Sijui mti wowote unaochukua nafasi ya chanjo ya pepopunda. Aliyechomwa na msumari au kujikata shambani aende akachanjwe, dawa ya miti ifuate.

Wapo ambao siwapaki kitu. Aliyeumwa na mbwa huoshwa kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mbio hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Aliyeumwa na nyoka hakatwi wala hawekewi jani. Atulizwe, kiungo kisichezwe, apelekwe. Mwenye kisukari aliye na kidonda cha mguu, hata kama ni kidogo na hakiumi, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo jeraha lililoachama kingo, kwa maana kushona kunataka saa za mwanzo.

Kila unapobadilisha kitambaa, kagua. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tumia mgongo wa mkono wako: gusa pembeni ya jeraha, kisha gusa sehemu ile ile ya upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Joto linalopanda, uvimbe, usaha, harufu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mitoki au homa, vyote vinasema dawa za nyumbani zikome. Hata jeraha tulivu lisiloanza kusinyaa ndani ya wiki mbili, lipeleke likaangaliwe.

Likishafunga, usiliache ghafla. Kovu huendelea kukomaa kwa miezi, na uimara wake haufikii tena ule wa ngozi ya awali. Husimama kwenye asilimia 80 hivi. Likinge na jua, lisikunwe, na uwe ukilisugua taratibu kwa mafuta laini mara ngozi ikishakuwa nzima kabisa.