Mgongo umepinda, anza kuangalia magoti: namna ya kupima mwendo wa mtu mzima

Wazee wenye kibiongo huletwa kwangu na watoto wao, na maneno ni yale yale: "Mama anatembea akiangalia chini," au "akifika dukani lazima aegemee kaunta." Nafanya fiziotherapia, na siku hizi mgongo wenyewe nauangalia baadaye. Naanza na magoti. Fanya hivi nyumbani au kliniki.

1. Andaa njia. Pima mita 10 sakafuni, weka alama ya chaki kwenye mita ya 2 na ya 8. Kanga ikifika chini hutaona kitu. Mwombe aipandishe juu ya magoti au avae kaptula. Kabla hajaanza, geuza ndala zake. Soli iliyolika mbele ni ya mtu anayeburuza miguu. Ikilika upande mmoja, angalia kama kiuno kimelalia huko.

2. Msimamishe, wewe kaa ubavuni. Shika timazi ya mwashi usawa wa tundu la sikio. Kwa aliyenyooka, uzi hupita begani, nyongani, kisha hushuka mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Kwa aliyeinama uzi huenda mbele kabisa ya nyonga. (Kwenye eksirei tunapima kwa uhakika zaidi: mstari ukishuka kutoka pingili ya saba ya shingo na kupita zaidi ya sm 5 mbele ya kona ya juu ya nyuma ya sakramu, yaani mfupa ulio chini ya pingili za kiuno, mizani imepotea.)

Sasa shusha macho. Makalio yamebonyea, magoti yamekunjika? Mwambie anyooshe magoti, nawe uwe karibu umdake. Kiwiliwili kikianguka mbele papo hapo, basi magoti ndiyo yaliyokuwa yakimbeba. Ndiyo maana wengi hulalamika mapaja yanawaka moto kuliko mgongo.

3. Mpime kasi. Atembee mita zote 10 kwa mwendo wake wa kawaida. Saa ya simu ianze kwenye alama ya kwanza na isimame kwenye ya pili. Mita hizo 6 zikimchukua zaidi ya sekunde 7.5, yuko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, na kwa mzee huo ni mwendo wa polepole.

4. Mchoshe. Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea miaka mingi. Mtu akiingia chumbani hujikaza, anasimama vizuri, unaandika "mwendo mzuri". Mwache atembee dakika 6, kisha mwangalie tena kwa ubavu.

Akisimama tu, hujinyoosha kwa kuzungusha fupanyonga kwenda nyuma, na nyonga hunyooka hadi mwisho wake. Lakini kutembea kunadai mguu ubaki nyuma ya mwili kila hatua, na kunyooka huko kwa nyonga ameshakutumia kote kusimama. Hakuna akiba. Basi hatua inafupika, fupanyonga linarudi mbele, kiwiliwili kinainama, na kila dakika anainama zaidi.

5. Usichanganye na mfereji wa uti uliobana, yaani njia ya mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo. Mwenye tatizo hilo miguu humfa ganzi akitembea wima, akiinama au akikaa anapona dakika chache. Baiskeli anaendesha bila shida. Wapo wenye yote mawili.

6. Hospitali kwanza. Kibiongo chenye ncha kali, jasho la usiku, kukonda, miguu inayokakamaa au kulegea: fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa aliouandika daktari Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779 na ambao bado tunauona. Akishindwa kuzuia mkojo au kupoteza hisia sehemu za siri, aende leo hii.

7. Baada ya vipimo. Alale kifudifudi dakika chache kila siku kama anaweza, nyonga zinyooke. Asimame na kukaa kwenye kiti, mara 8 hadi 10, mapaja yapate nguvu. Mazoezi ya kugusa vidole vya miguu achana nayo kama mifupa yake ni dhaifu. Pingili huvunjika mbele.

Mkongojo ukate ukiwa umemsimamisha amevaa viatu, mkono ukining'inia, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Mwingi ninaouona umerithiwa kwa marehemu mfupi, na unamkunja mzee zaidi.