Kutandika mkeka wa umeme chini ya vigae vya bafuni

Mimi ni fundi vigae hapa Uingereza, na baridi ikianza tu wateja huulizia sakafu ya bafu yenye joto. Kutandika mkeka wa umeme, yaani wavu wenye waya wa kupasha joto, si kazi ngumu. Ugumu ni kuufikia tena ukishafunikwa, kwa hiyo mita ya kupimia umeme iwe nawe tangu mwanzo hadi mwisho.

1. Pima sehemu iliyo wazi tu. Acha mahali pa choo, kabati la sinki na beseni la kuogea, kwa sababu joto likikosa pa kutokea litaharibu waya. Usinunue mkeka mkubwa kwa kudhani utaupunguza. Waya haukatwi kamwe. Kinachokatwa ni wavu wake, ili uweze kuugeuza mkeka ukifika ukutani.

2. Upime kabla hujautandika. Mkeka wa mita 2 za mraba, wenye wati 150 kwa kila mita ya mraba, una wati 300. Kwa umeme wa volti 230, mita isome kama omu 176 (omu ni kipimo cha ukinzani wa waya). Linganisha na lebo, kisha andika. Usiuwashe ukiwa bado umeviringishwa.

3. Sakafu ikiwa ya zege, bandika kwanza mabamba ya kuzuia joto lisipotelee chini.

4. Tandaza mkeka, nyaya zisigusane wala kupishana. Sensa ya joto ipitishe ndani ya kibomba, ikae katikati ya nyaya mbili. Siku ikifa, utaivuta na kuingiza nyingine bila kuvunja kigae hata kimoja. Pima tena.

5. Tandaza gundi ya vigae ile inayonyumbulika. Hapa ndipo mikeka mingi hufa: mwiko wa chuma ukiukandamiza unachana waya, nawe huoni. Tumia wa plastiki, kwa mkono mwepesi. Ukimaliza kupanga vigae, pima mara ya tatu papo hapo. Omu zikiwa zimeruka, vigae bado vinang'oka.

6. Kuunganisha umeme mwachie fundi umeme aliyesajiliwa. Saketi ilindwe na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, na themostati (kidhibiti joto) ya kawaida ifungwe nje ya bafu.

Usiwashe mpaka gundi na grauti (ya kujazia kati ya vigae) zikauke zenyewe, kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko. Ukizikausha kwa joto la mkeka, zitapasuka.