Kabla hujaamua mazoezi ya mgongo wa mtoto yafanyike hospitali au kwa simu

Binti yangu ana miaka 12, mgongo wake umepinda kidogo, na sisi tunakaa Tukuyu, sasa kwenda Mbeya mjini kila wiki kwa ajili ya mazoezi ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, siku nzima ya shule imeondoka, na mvua za Rungwe mnazijua. Kwahiyo tunachanganya, mara moja kwa mwezi hivi tunaenda kwa fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) mwenyewe, wiki zingine anatuona kwa vidio kol ya WhatsApp. Imetusaidia sana ila kuna vitu ningevijua mapema tusingepoteza muda, na najua kuna wazazi Makete, Ludewa, Ileje, Kilolo huko ndani wako mbali kuliko mimi.

Kwanza kabisa, usianzie kwenye simu, mara ya kwanza mtoto ashikwe na mikono ya mtaalamu. Anamwinamisha mbele mikono ikining'inia aone kama mbavu za upande mmoja zimenyanyuka, anapima miguu kama inalingana urefu, anagonga magoti kuangalia neva, anabonyeza pingili moja moja, sasa simu itabonyeza nini? Alafu bila eksirei hakuna mtu anayejua mpindo ni nyuzi ngapi. Kuanzia nyuzi 10 ndo inaitwa skoliosisi, na ikifika kama 25 kwa mtoto ambaye bado anakua mara nyingi wataongelea mkanda mgumu wa kuvaa mwilini, mazoezi peke yake hapo hayatoshi hata yafanyike vizuri namna gani.

Na kuna kitu naomba tusikipuuze, TB ya mgongo. Mtoto ana nundu imechongoka sehemu moja, homa za jioni, anapungua uzito, maumivu yanamwamsha usiku, miguu inakosa nguvu au ameanza kushindwa kuzuia mkojo, huyo hatafutiwi mazoezi wala bando, anapelekwa hospitali leo leo. Hata kama ni mpindo wa kawaida lakini mtoto hajafika miaka 10, au unaona unaongezeka haraka, daktari wa mifupa amwone kwanza. Kwa kibiongo cha kukaa vibaya kuna kitu unaweza kuangalia nyumbani: mlaze kifudifudi umwambie anyanyue kifua, mgongo ukinyooka mara nyingi ni mkao tu, ukibaki na nundu ile ile kampige eksirei. Wale wadogo kabisa, matege kabla ya miaka 2 na unyayo bapa wa miaka 3 mara nyingi ni ukuaji, ila matege ya mguu mmoja au yanayozidi baada ya miaka 2 usikae nayo.

Siku ya kwenda hospitali beba picha zote za eksirei za zamani hata kama zimekunjamana, viatu alivyovivaa muda mrefu (fizio anasoma soli imelika upande gani), na begi la shule likiwa limejaa kama linavyojaa Jumatatu. Mtoto wa kilo 30 begi lake lisizidi kilo 3 mpaka 4 na nusu hivi. Begi halipindishi mgongo jamani, hilo niliambiwa wazi na likanitua mzigo mana nilikuwa najilaumu, ila linamchosha na kumfanya aumwe mgongo. Piga simu kabla uulize fizio yupo siku gani, na kama una bima uliza inalipia yale ya hospitali tu au na ya kwa simu, usije kujua dirishani.

Kabla hamjaondoka pale, omba afanye kila zoezi mbele ya fizio na wewe ulifanye, umrekodi mtoto akiwa anafanya sahihi. Hapa ndo sisi tulipoumia. Mazoezi ya mpindo yana upande, wa kulia na wa kushoto sio sawa, sasa sisi tulikuwa tunatumia kamera ya mbele, ile inamwonyesha mtoto kama kioo, tukachanganya, wiki mbili nzima mwanangu alinyoosha upande ambao sio. Niliumia mno nilivyogundua. Saivi anafungwa kitambaa chekundu mkono wa kulia kabla ya kuanza, tunatumia kamera ya nyuma, na fizio anasema "mkono wenye kitambaa", hasemi kulia wala kushoto.

Sehemu ya kupigia muitafute mapema na muijaribu saa ile ile mtakayokuwa mnapiga, mana mtandao wa saa 5 asubuhi na wa saa 1 usiku ni vitu viwili tofauti, na kwenye hayo majaribio ndo utaona dakika kumi zinakula bando kiasi gani. Simu ikae juu ya stuli usawa wa kiuno cha mtoto, iegemee kitu kizito, asiishike mtu. Mtoto arudi nyuma mpaka aonekane kichwa hadi nyayo, mwanga wa dirisha umpige yeye, usiipige kamera. Chaji ijae kabla. Mimi nilimwazima fundi ujenzi timazi, nikaining'iniza nyuma ya mtoto, akisimama kila mtu anaona kaegemea wapi, kamba na jiwe pia inatosha. Sehemu ya kukanyaga nimeweka alama ya chaki ili picha ya mwezi huu na ya mwezi ujao zilingane.

Baridi ndo mtihani wetu wa huku. Mwezi wa 6 na wa 7, Njombe au Makete mtoto kavaa masweta matatu, fizio ataona nini, na ukimvua anatetemeka, misuli inakaza. Chagueni saa za mchana jua likiwa limetoka, apashe mwili kwa kuruka ruka ndo avue. Msiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili apate joto, nakuombeni sana, ule moshi usioonekana unaua.

Na kwa vile anavua, kaa naye muda wote, hasa binti. Kaka zake watoke. Muulize fizio mapema kama anarekodi na video itakaa wapi, na picha za mgongo wa mtoto zisiende kwenye grupu la familia hata shangazi akiomba. Binti yangu aliniambia mwenyewe kwamba kwa simu anaona aibu zaidi kuliko pale hospitali, tukakubaliana avae fulana iliyokatwa mgongoni, tangu hapo anafanya bila kununa.

Wa miaka 5 au 6 sidhani kama kwa simu atakaa, dakika kumi kashaondoka. Kuanzia 9, 10 hivi wanaweza, dakika 20 mpaka 30, kama kuna mtu mzima wa kumsimamia siku zile zingine zote. Kama wewe unatoka saa 11 alfajiri kwenda shamba na unarudi giza, amua nani atamsimamia, bibi, dada, yeyote, na huyo ndo aende hospitali kufundishwa.

Kubalianeni pia na fizio kabla ni kitu gani kitawarudisha kwake haraka. Sisi tumeandika kwenye daftari: maumivu mapya, ganzi, timazi kuonyesha kaegemea zaidi, au kurefuka ghafla. Urefu wake nauchora kwenye fremu ya mlango kila tarehe 1, mana mabinti hurefuka kwa kasi karibu na kuvunja ungo na mpindo hukimbia wakati huo huo, kwahiyo daktari anamwangalia upya kila baada ya miezi 4 hadi 6 hata kama kwa simu anaonekana yuko sawa. Mwezi uliopita alama ilipanda sentimita 2, nikapiga simu siku hiyo hiyo, Alhamisi tunapanda gari.